Mmepishana kwenye kikao na watu wa nje? Pima pengo kwanza

Mtu akikwambia "nimeingia kwenye kikao sikukuta mtu," usianze kumuuliza anatumia simu gani wala bando lake limeisha lini. Muulize amepishana na wenzake kwa muda gani. Saa sita? Saa moja? Nusu saa? Siku nzima? Kila kosa lina pengo lake, na ukishalijua pengo umeshafika nusu ya dawa.

Makosa yaliyomo humu ni yale yanayojirudia kwa watu wa huku Kusini: makarani na mawakala wa korosho wanaozungumza na wanunuzi wa India na Vietnam, vijana wa gesi wenye wakubwa Ulaya na Marekani, wale wa madini ya kinywe kule Ruangwa wanaopigiwa simu kutoka Perth, wanafunzi wanaoomba ufadhili, na sisi wengine tulio na ndugu Muscat. Yamepangwa kwa pengo, la kawaida kwanza.

Kabla hujagusa kitu chochote, shika hili: Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, ile saa ya kipimo ambayo dunia nzima inahesabia kutoka kwake, na tuko hapo mwaka mzima. Hatusogezi saa mbele wala nyuma. Kwa hiyo kikao kilichokuwa kinakwenda sawa miezi yote kikianza ghafla kupishana, aliyehama ni mwenzako.

Mmepishana saa sita kamili

Hili ndilo baba wa makosa yote, na tisa kwa kumi chanzo ni saa ya Kiswahili. Mwenzako kaandika 9:00, wewe umesoma saa tisa ukaja mchana. Au kinyume chake, na hii ndiyo inayouma zaidi kwa sababu kosa linatoka kwako na lawama inakwenda kwake: karani wa Masasi anajibu kwa Kiingereza kwamba atakuwa tayari "saa nne", akiwa na maana ya asubuhi, lakini anaandika tarakimu 4. Mnunuzi wa Ho Chi Minh City anaisoma kama 4:00 na anasubiri jioni.

Ukaguzi rahisi: tazama saa ya ukutani yenye mishale. Namba iliyoelekezwa na mshale mfupi ndiyo saa yao, na namba iliyo upande wa pili, mkabala nayo, ndiyo saa yetu. Kama huna ya mishale, hesabu kwa saa 24. Kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa 6. Kuanzia 19:00 hadi 24:00 toa 18. Kuanzia 01:00 hadi 06:00 ongeza 6. Kwa hiyo 16:00 ni saa kumi jioni, 21:00 ni saa tatu usiku, 04:00 ni saa kumi alfajiri.

Kuna ishara moja ya kosa hili ambayo haidanganyi. Ukiona tangazo lililofasiriwa limeandikwa "saa 10:00 asubuhi" au "saa 2:00 mchana", jua mfasiri amenakili tarakimu za Kiingereza akabadilisha neno la pembeni tu. Kwetu saa kumi ni ya alfajiri au ya jioni, ya asubuhi haipo. Kwenye mwaliko wa harusi utacheka yaishe. Kwenye tangazo la zabuni au mwisho wa kupokea bei, simama hapo. Usikisie na usimuulize jirani. Mwandikie aliyetoa tangazo akujibu kwa maandishi, na kama kuna mkataba au dhamana ya fedha imefungwa kwenye saa hiyo, mpelekee mwanasheria kabla muda haujapita, maana baada ya hapo utabaki na malalamiko tu.

Chanzo cha pili kinajificha vizuri: umeongeza mahali pa kutoa. London wakati wa baridi iko nyuma yetu saa 3. Ukiongeza 3 badala ya kutoa 3, umekosea kwa saa 6, na utalaumu saa ya Kiswahili bure. Kosa la kugeuza upande siku zote ni mara mbili ya tofauti ya kweli: kwa Muscat utapishana saa 2, kwa India saa 5, kwa Perth saa 10. Namna ya kujisahihisha ni kulifuata jua. Linachomoza mashariki, kwa hiyo Muscat, India, Vietnam, China na Perth wametangulia, saa zao ni kubwa kuliko zetu. Ulaya na Marekani wako magharibi, wanafuata nyuma.

Mara chache sana chanzo ni wema. Mgeni aliyekaa Tanzania miaka mingi amekugeuzia saa kwa Kiswahili tayari, nawe kwa kujua kwamba ni mgeni ukageuza tena. Hapo muulize tu: "Umeandika saa yetu au yenu?"

Dawa ya kudumu ni kuandika yote mawili katika mstari mmoja, pamoja na siku na tarehe: *Alhamisi 5 Novemba 2026, saa 11:00 jioni, yaani 17:00 EAT, UTC+3.* EAT ni kifupisho cha saa ya Afrika Mashariki, ndiyo yetu. Ni mstari mrefu, ndiyo. Andika hivyo hivyo.

Mmepishana saa moja

Hapa vyanzo ni vingi, na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni nchi zinazosogeza saa kwa msimu. Ulaya husogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo Oslo iko nyuma yetu saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa joto. London saa 3 na saa 2. New York saa 8 na saa 7. Houston saa 9 na saa 8.

Angalia tarehe hizo vizuri: Ulaya na Marekani hawasogezi siku moja. Mwaka 2026 Marekani inasogeza 8 Machi na Ulaya 29 Machi, wiki tatu nzima baadaye. Vuli Ulaya inarudisha 25 Oktoba na Marekani 1 Novemba. Katika wiki hizo za katikati, kikao chenye watu wa Mtwara, Oslo na Houston lazima kimchanganye mtu. Chukua Houston saa 08:00 yao. Alhamisi ya 29 Oktoba 2026 hiyo ni 16:00 kwetu, saa kumi jioni. Alhamisi inayofuata, 5 Novemba, saa 08:00 ile ile ya Houston ni 17:00 kwetu, saa kumi na moja. Nao wakati huo ndio msimu wa korosho, watu wana minada na magari ya ghalani kichwani, nani atakumbuka Jumapili ya Marekani?

Ukaguzi: uliza kikao *kimefungwa kwenye saa ya nani*. Kama mwenye kikao yuko Houston, saa yake haitabadilika, yako ndiyo itakayoruka. Kama mwenye kikao ni wewe, wao ndio watakaoruka, na ni uungwana kuwatahadharisha wiki moja kabla. Dawa ni kutuma mwaliko wa kalenda wenye ukanda wa saa (time zone) ndani yake, usitegemee ujumbe wa maneno. Kalenda inazijua tarehe hizi kuliko sisi.

Australia inahitaji sentensi zake. Perth haisogezi, iko mbele yetu saa 5 mwaka mzima. Sydney inasogeza, na kwa kuwa iko kusini mwa dunia inasogeza kinyume: saa 8 mbele kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Aprili, kisha saa 7. Misri nayo ilirudia kusogeza mwaka 2023, kwa hiyo mwanafunzi aliyeko Cairo wakati wa joto ana saa yetu, wakati wa baridi yuko nyuma kwa saa moja. Makka, Istanbul na Moscow saa ni yetu mwaka mzima, hapo usihesabu chochote.

Chanzo cha pili ni vifupisho. Mzungu wa London huandika GMT, yaani saa yake ya wakati wa baridi iliyo sawa na UTC, hata mwezi wa Julai, ingawa wakati huo saa yake imeshasogea. Akiandika 15:00 GMT na wewe ukamwamini, utaingia 18:00, wakati yeye alikuwa anakusudia 17:00 yetu. Mmarekani naye huandika EST, saa ya New York ya wakati wa baridi, mwaka mzima bila kujali msimu. Ukiona kifupisho, jibu kwa jina la mji: "Yaani saa tisa mchana ya London kama ilivyo leo?" Na CST usiiguse kabisa bila kuuliza, kwa sababu inatumika kwa Houston na pia kwa China. Hapo kosa halitakuwa saa moja tena, litakuwa saa 13 au 14. IST nayo wanaigombania India, Ireland na Israel.

Chanzo cha tatu ni chetu wenyewe, na mtu wa Arusha hatakuelewa ukimwambia. Msumbiji wako nyuma yetu saa moja. Kwenye vijiji vya bonde la Ruvuma, na kwa wanaovuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kwenda Negomano, simu inadaka mnara wa ng'ambo na kujirudisha saa moja nyuma bila kukuuliza. Ukirudi, wakati mwingine inachelewa kujirekebisha. Kengele ya kuamka inalia kwa kuchelewa, kalenda inaonyesha kikao saa moja mapema, na wewe unaapa hukugusa kitu. Ni kweli hukugusa. (Ajabu yenyewe ni kwamba Palma na Mtwara karibu ziko kwenye mstari mmoja, jua linawachomozea karibu pamoja, lakini wao kwa saa zao wanasema kumekucha mapema zaidi.)

Ukaguzi: tazama jina la mtandao lililoandikwa kwenye simu, au kama umepokea ujumbe wa kukukaribisha Msumbiji. Dawa ya haraka ni kuzima na kuwasha hali ya ndege ukishakuwa upande huu. Dawa ya kudumu kwa mkazi wa mpakani: kwenye mipangilio ya tarehe na saa, acha *saa* ijiweke yenyewe, lakini zima *saa za eneo* kujiweka zenyewe, kisha chagua Dar es Salaam kwa mkono. Simu nyingi za Android zinatenganisha vitu hivyo viwili. Usizime vyote ukaanza kuandika saa mwenyewe. Madhara yake yako chini.

Na kwa anayefuata ofisi ya upande wa pili wa mto: ukiambiwa wanafungua saa mbili, uliza "za wapi?" hata kama unayeongea naye ni Mmakonde mwenzio.

Mmepishana nusu saa

India. Wako mbele yetu saa 2 na dakika 30. Ukizungusha ikawa saa 2 utaingia umechelewa au umewahi kwa nusu saa. Saa 11:00 jioni yetu, 17:00, kwao ni 19:30, na mnunuzi wa Kollam huenda ameshatoka ofisini. Nepal ndiyo yenye dakika 45 za ziada, saa 2 na dakika 45 mbele yetu.

Mmepishana saa tatu

Umesoma saa ya UTC kama saa yetu. Hutokea kwenye taarifa za meli, usafiri wa anga na hali ya hewa, ambako saa huandikwa UTC au hufuatwa na herufi Z. Wakala wa meli Mtwara akiona 0600Z, hiyo ni 09:00 yetu, saa tatu asubuhi. Ongeza 3, basi. Kama saa hiyo inahusu kuingia kwa meli bandarini au kuruka kwa ndege, hesabu yako ni ya kujiandaa tu. Uamuzi unatoka kwa wahusika wa bandari au kiwanja.

Mmepishana saa kumi na mbili

Tofauti ya mchana na usiku kwenye saa ya kizungu. Mtego mkubwa ni 12:00. Ikiwa na AM ni saa sita usiku, ikiwa na PM ni saa sita mchana. Hamisha simu kwenye mfumo wa saa 24 na tatizo hili halitarudi.

Saa ni sahihi, siku siyo

Chanzo cha kawaida: kikao kimevuka usiku wa manane. Alhamisi 18:00 ya Houston wakati wa joto kwetu ni 02:00, na ni Ijumaa tayari. Watu hugeuza saa wakasahau kugeuza siku. Ukaguzi ni kuhesabu kwa vidole kuvuka 24:00. Ukivuka kwenda mbele ongeza siku, ukivuka kurudi nyuma punguza.

Chanzo cha pili kiko kwenye mazungumzo yetu wenyewe, hasa hapa pwani. Mzee wa Mikindani akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku ulioanza Alhamisi magharibi, kwa kuwa kwake siku inaanza jua likizama. Kijana aliyesoma ofisini akisema maneno hayo hayo anakusudia usiku baada ya mchana wa Ijumaa. Wote wako sahihi na watapishana siku nzima. Ukipanga simu na ndugu wa Muscat, ambao wako mbele saa moja tu, sema "usiku wa kuamkia Ijumaa" kisha utaje tarehe. Saa saba usiku nayo ni hivyo hivyo: mtu aliye macho tangu Jumatano bado anaiita Jumatano, kalenda imeshaandika Alhamisi.

Wanafunzi mnaoomba ufadhili au kutuma makala: mkiona mwisho ni 23:59 AoE, maana yake ni popote duniani, yaani mahali pa mwisho kabisa siku kuisha, UTC−12. Kwetu hiyo ni 14:59 ya siku inayofuata, dakika moja kabla ya saa tisa mchana. Ni neema, lakini msiitumie yote. Kama haikuandikwa AoE wala mji, msichukulie ni saa yetu, tumeni mapema.

Tiketi ya ndege haina cha kugeuza: saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, saa ya kufika ni ya mji unaofika. Nimeona watu "wakiirekebisha" tiketi ya Muscat. Kwa miadi ya viza, tarehe ikikutatiza, piga simu ubalozini au kwenye kituo cha maombi; kukosa miadi kunaweza kukurudisha mwanzo wa foleni.

Mmepishana saa 10 au 11, na saa ya kompyuta yako inaonekana sawa

Hili huwatesa watu wa maofisini, na mafundi wengi hulikosa kwa sababu ukitazama pembeni ya kioo saa ni sahihi kabisa.

Chanzo: kompyuta ilifungwa Windows ikiwa na ukanda wa Pasifiki wa Marekani, ule wa pwani ya magharibi, na hakuna aliyeubadilisha. Mtu aliona saa haiko sawa, akaisogeza kwa mkono mpaka ikaonekana sawa. Sasa kioo kinasema saa nne asubuhi lakini kompyuta inaamini ni saa nne asubuhi *ya California*. Kila mwaliko unaotuma unaondoka na kosa la saa 10 wakati wa joto lao au 11 wakati wa baridi.

Ukaguzi: bofya saa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, usitazame saa, tazama ukanda. Panapotakiwa ni UTC+03:00 Nairobi. Usishtuke kuona Nairobi. Huo ndio ukanda wa Afrika Mashariki na Dar es Salaam imo humo. Chagua huo, kisha ruhusu saa ijiweke yenyewe kwa intaneti. Miadi uliyoiandika zamani kwenye ukanda mbovu itaruka: ipitie moja moja, hasa inayojirudia kila wiki, kabla hujawaambia watu mambo yametengemaa.

Anayeshughulikia seva ajue mtego wa ziada: kwenye Linux kuna kanda zinazoitwa Etc/GMT, na alama zake zimegeuzwa. Etc/GMT-3 ndiyo iliyo mbele saa 3. Tumia Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam uepukane nazo. Kama seva hiyo ina hesabu za mishahara au stoo ya ghala, usibadilishe ukanda katikati ya kazi. Mwite anayeisimamia, kwani kumbukumbu zilizoandikwa zitapishana na zinazofuata.

Picha ya skrini inasema saa nyingine na simu yako nyingine

Picha ya skrini inaganda na saa za simu ya aliyeipiga. Ukitumiwa picha ya kalenda kutoka Oslo, hizo ni saa za Oslo. Omba mwaliko wenyewe au kiungo.

Saa inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika

Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla na kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, betri ndogo ya duara kwenye bodi kuu imekwisha. Mara nyingi ni ile ya CR2032. Dalili yake ya pembeni ni kurasa za benki kukataa kufunguka zikidai muunganisho si salama. Vyeti vya tovuti vinategemea saa sahihi ya kifaa, na namba za siri za muda zinazotengenezwa na programu ya simu zinategemea saa sahihi ya simu yenyewe, na ndiyo maana nilisema usiandike saa ya simu kwa mkono.

Jaribu kwanza kuunganisha intaneti na kuisawazisha saa. Ikikaa sawa mpaka umeme ukatike tena, ni betri. Kwa ya mezani, fundi anaibadilisha mara moja. Kwa laptopu usiifungue mwenyewe, na ukiona mgongo umevimba au kioo kinainuka, izime, usiichaji, ipeleke kwa fundi.

Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ikionyesha saa au tarehe isiyo sahihi, usijaribu chochote kati ya haya. Usiifungue, usiizime na kuiwasha ukitafuta bahati, usitoe risiti ukitumaini itajirekebisha. Mpigie wakala aliyekuuzia, aliyeidhinishwa na TRA, na uandike muda ulipomjulisha.